Umechelewa kulipa ushuru wa halmashauri na notisi imefika? Hatua kwa hatua mpaka deni lisome sifuri

Nina steshenari ndogo hapa Mwanga, Kigoma mjini, naprinti, naskani, na watu wengi wananijia niwaingizie mambo yao Tausi, ule mfumo wa halmashauri wa mtandaoni wa kuombea leseni na kulipia bili. Kila wiki lazima nimpate mtu wa aina ileile: hela kalipa, meseji ya muamala anayo kwenye simu, lakini deni liko palepale na notisi ya pili imeshafika. Au mwingine hela alikuwa nayo kabisa ila kaenda ofisi isiyo yake mara tatu, akachoka, akaacha. Nimerudia maelezo haya mpaka sauti imekauka, sasa nayaandika.

Nitakaa zaidi kwenye leseni ya biashara na ushuru wa huduma maana hapo ndo watu wanaangukia. Ardhi na kodi ya jengo nitagusa kuelekea mwisho.

## Kusanya hivi kabla hujatoka nyumbani

- Notisi au hati ya madai yenyewe, karatasi nzima, siyo picha ya whatsapp iliyokatwa nusu
- Namba ya NIDA na TIN
- Leseni ya zamani hata kama iliisha juzi au mwaka juzi
- Makadirio ya TRA (Mamlaka ya Mapato) ya kila mwaka unaodaiwa
- Risiti zote ulizonazo: za POS, za benki, za wakala, na meseji za malipo (usifute meseji!)
- Ripoti za Z (muhtasari wa mauzo ya siku) kama una mashine ya EFD, ile ya risiti za TRA, kama huna basi daftari la mauzo
- Mkataba wa fremu
- Simu yenye laini uliyojisajilia Tausi, iwe na chaji
- Karatasi nyeupe tano hivi na kalamu yako mwenyewe

Kitu ambacho hutakiwi kubeba ni bunda la hela taslimu. Malipo ya halmashauri yanapita kwenye control namba (namba ya kulipia bili ya serikali) au mashine ya POS inayotoa risiti palepale. Ukienda na hela mkononi unajitia mwenyewe kwenye kishawishi cha "niachie nitakulipia", na mimi nimeshaona mwisho wake.

## Hatua ya 1: Jua deni ni la nani

Hapa ndo nusu ya watu wanapotea. Kwa mtu wa kawaida yote ni "kodi", anayedai ni "serikali", basi. Lakini madeni yako yanaweza kuwa na wenyewe watatu tofauti na kila mmoja hana habari na mwenzie.

Halmashauri (kama uko mjini ni Manispaa ya Kigoma/Ujiji, ukiwa Kasulu mjini ni Halmashauri ya Mji, ukiwa Uvinza au Buhigwe ni halmashauri ya wilaya): inadai ada ya leseni za biashara kundi B (zile zinazotolewa na halmashauri), ushuru wa huduma, ushuru wa nyumba za wageni, ushuru wa soko na mwalo (pale samaki wanaposhushwa), kodi ya kibanda cha soko.

TRA: kodi ya mapato, yale makadirio unayolipa kwa awamu nne kwa mwaka. (Kodi ya majengo yenyewe inakatwa ukinunua umeme wa LUKU, iko kuelekea mwisho.)

Wizara ya Ardhi: kodi ya pango la ardhi ya kiwanja chako. Hii watu wanaichanganya sana na kodi ya jengo, ni vitu viwili, mwenye nyumba kwenye kiwanja kilichopimwa anadaiwa zote mbili.

Angalia kichwa cha barua na mhuri. Halafu angalia neno lililotumika, "ushuru wa huduma" ni halmashauri moja kwa moja, "pango la ardhi" ni ardhi. Kama karatasi haina kichwa cha barua, haina mhuri, haina jina wala cheo cha aliyesaini, usilipe chochote, nenda nayo kwa mtendaji wa kata uulize kama anaitambua.

Kuna mzee mmoja wa Gungu alihangaika TRA siku mbili na notisi ya ushuru wa huduma. TRA wanamwambia mzee sisi hatukudai, yeye anafurahi anarudi nyumbani anasema nimeshamaliza. Hakuwa amemaliza.

Umefaulu hatua hii ukiweza kusema kwa sentensi moja: nadaiwa na fulani, kodi fulani, ya miaka fulani.

## Hatua ya 2: Tafuta tarehe kwenye notisi, uhesabu siku

Notisi inataja siku ulizopewa, saba, kumi na nne, thelathini, inategemea. Chukua kalamu andika juu ya karatasi tarehe uliyoipokea WEWE, siyo iliyoandikwa juu ya barua. Kuna notisi inaandikwa tarehe 2 inakufikia tarehe 15 maana ilikaa kwa mtendaji, ukija kujitetea hiyo tarehe itakusaidia. Kama aliyeleta alikusainisha kwenye daftari la kupokelea hakikisha umeandika tarehe ya kweli pembeni ya sahihi yako.

Na kwa faida ya wale wanaolipeleka karatasi chini ya godoro, mambo huwa yanaenda hivi: deni linaanza kimya kimya kwenye mfumo na faini inajijumlisha juu yake. Kisha meseji au barua ya kukumbusha. Kisha hati ya madai. Kisha notisi yenye siku. Siku zikiisha unaweza kuja kukuta biashara imefungwa, au suala limepelekwa kwa mwanasheria wa halmashauri na wewe umeitwa mahakamani kama mdaiwa. Ikifika mahakamani ukashindwa, ndo hapo kunaingia mambo ya kukamata mali na dalali.

Ukitokea ofisini kabla siku hazijaisha wewe ni mteja anayeomba utaratibu, ukitokea baada ya kufungiwa wewe ni mkaidi. Deni ni lilelile, mapokezi ndo tofauti.

Onyo: usifunge duka ukahamia mtaa wa pili na jina jipya ukidhani umelikimbia. Tausi unajisajili kwa NIDA na TIN, fremu unaweza kubadilisha, NIDA hubadilishi.

## Hatua ya 3: Omba mchanganuo, piga hesabu mwenyewe

Usilipe jumla uliyoambiwa kwa mdomo. Ingia Tausi kwenye akaunti yako uone bili, kama huwezi nenda kitengo cha mapato au kwa afisa biashara useme hivi: "naomba mchanganuo wa deni langu mwaka kwa mwaka, deni la msingi peke yake na faini peke yake." Ni haki yako kuomba na wala siyo ugomvi.

Sasa kaa chini na kikokotoo.

Ushuru wa huduma kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo, ukiwa umeshatoa VAT na ushuru wa bidhaa (kiwango cha mwaka unaodaiwa waulize). Sifuri nukta tatu, siyo tatu. Mfano makadirio yako TRA yanaonyesha mauzo ya mwaka milioni 40:

40,000,000 × 0.3 ÷ 100 = 120,000 kwa mwaka

Ukigawa kwa robo nne za mwaka ni 30,000 kila miezi mitatu. Ukikaa miaka mitatu bila kulipa deni la msingi ni 360,000, kabla ya faini.

Niliwahi kuletewa karatasi ya halmashauri moja, ya mkoa mwingine kabisa, dada wa watu anadaiwa 1,200,000 kwa mwaka mmoja na duka lake ni la vipodozi, fremu moja, ukinyoosha mikono yote miwili unagusa kuta. Analia kabisa. Tukakaa tukafanya hesabu kwa kurudi nyuma, tukakuta aliyeingiza kwenye mfumo aliandika mauzo milioni 400 badala ya 40. Sifuri moja. Alikwenda na makadirio yake ya TRA wakamrekebishia, lakini miezi miwili yote alikuwa anajificha mtendaji akipita, ilhali karatasi ya kumwokoa ilikuwa kabatini kwake.

Mambo ya kuangalia kwenye mchanganuo:

- mauzo waliyotumia yanafanana na makadirio yako ya TRA?
- kuna mwaka umehesabiwa mara mbili?
- kuna mwaka ambao biashara ilikuwa haijaanza au ulikuwa umeshaifunga?
- malipo uliyowahi kufanya yametolewa?
- kama una matawi wilaya mbili, hayo mauzo hayajatozwa huku na kule?

Leseni hesabu yake ni nyingine. Leseni inadumu miezi 12 toka tarehe iliyotolewa, haifuati Januari wala Julai, ndo maana watu wanajisahau. Ukichelewa kuihuisha kuna faini ya asilimia 25 ya ada, na kila mwezi unaoendelea kuchelewa inaongezeka asilimia 2. Tuseme ada yako ni laki moja na umechelewa, inaanza faini ya 25,000, halafu miezi kumi mingine ni 2,000 mara kumi, yaani 20,000. Jumla faini 45,000 juu ya ile laki. Siyo hela ya kufa mtu, ila zidisha kwa miaka na uone.

Adhabu za ushuru mwingine, wa soko, mwalo, nyumba za wageni, zimeandikwa kwenye sheria ndogo za halmashauri husika na kila halmashauri ina zake. Waombe wakuonyeshe kifungu. Kodi bila sheria haipo nchi hii, Katiba ibara ya 138 inasema hivyo, na adhabu nayo lazima iwe imeandikwa mahali. Ukiuliza kwa adabu "mama, naomba nione kifungu cha hii faini" mara nyingi utaonyeshwa, na mara nyingine utaona kalamu inashuka taratibu namba inabadilika yenyewe.

Umefaulu ukiwa na karatasi moja yenye miaka upande wa kushoto, deni la msingi katikati, faini kulia, na jumla yako iwe sawa na ya kwao. Kama hazilingani nenda hatua ya 4. Kama zinalingana ruka mpaka ya 5.

## Hatua ya 4: Kama deni limezidi au siyo lako, pinga kwa karatasi

Kupinga kwa mdomo kaunta hakuachi alama yoyote. Afisa akihamishwa, na wanahamishwa, anakuja mwingine anaona deni kwenye mfumo na hana habari na yale mazungumzo yenu.

Andika barua kwa Mkurugenzi, kupitia kwa Mweka Hazina. Fupi, ukurasa mmoja. Jina lako, TIN, jina la biashara, mtaa na kata, namba ya notisi. Kisha: mnanidai kiasi hiki, hesabu yangu ni kiasi hiki, tofauti inatokana na kitu hiki, ushahidi nimeambatanisha. Basi. Usiandike historia ya maisha, wala usitukane, nimeprinti barua za matusi nikamwambia mwenyewe kaka hii utarudi nayo, na akarudi nayo.

Sasa sehemu muhimu, na hii watu hawaifanyi. Printi nakala MBILI. Peleka masjala, moja wanabaki nayo, ya pili wanakugongea mhuri wa kupokelewa wenye tarehe unaondoka nayo. Ule mhuri mdogo wa zambarau ambao wino wake umekauka kidogo, hakikisha tarehe inasomeka, kama haisomeki omba wagonge tena. Hiyo nakala ndo ngao yako mtu akija dukani kesho.

Onyo: kupinga hakusimamishi sehemu usiyoipinga. Kama unakubali 360,000 na unapinga kilichozidi, lipa au anza kulipa hiyo 360,000. Anayelipa anachokubali anasikilizwa vizuri zaidi kuliko anayepinga yote na mfuko kafunga.

## Hatua ya 5: Huna yote? Omba awamu, na uombe kitu unachokiweza

Barua ileile, kwa Mkurugenzi kupitia Mweka Hazina, nakala mbili, mhuri. Ndani yake weka vitu vitatu: nakubali deni, nitaanza na kiasi hiki tarehe hii, na kitakachobaki nitalipa kiasi hiki kila mwezi mpaka mwezi fulani.

Kosa la watu wetu ni ujasiri. Anaandika atalipa laki mbili kwa mwezi kwa sababu anaogopa kuonekana hana kitu, mwezi wa kwanza analipa, wa pili anakwama, makubaliano yamevunjika na sasa kuomba upya ni aibu. Angalia biashara yako. Kama unauza dagaa wa Kibirizi unajua kuna siku za giza mzigo unatoka na kuna siku za mbalamwezi mitumbwi imelala, panga tarehe za kulipa ziangukie baada ya giza, siyo katikati ya mbalamwezi. Kama una duka la vifaa vya shule wewe Januari ndo mwezi wako. Andika hivyohivyo kwenye barua, anayesoma anaishi mjini hapa hapa, anaelewa.

Na kitu kingine: faini ya kisheria usitegemee afisa wa kaunta aifute kwa huruma, hana mamlaka hayo. Akikuambia anaweza kuifuta "tukielewana" hapo unaibiwa, na namba ya TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, ni 113, bure.

Umefaulu ukipata jibu la maandishi lenye ratiba. Jibu la "sawa lipa lipa tu kidogo kidogo" siyo jibu.

## Hatua ya 6: Kulipa, na hapa nisome taratibu

Kila bili ina control namba yake. Namba 12, zinaanza na 99. Narudia, KILA BILI INA YAKE.

Kinachowakuta wengi ni hiki. Mtu anadaiwa miaka mitatu. Anaingia Tausi, au anaingiziwa na kijana kama mimi mwenye haraka, anatengeneza bili mpya ya mwaka huu, analipa, meseji inaingia, anafurahi. Deni la miaka mitatu liko palepale maana alicholipia ni kitu kingine. Mfumo hauhamishi hela kutoka bili moja kwenda nyingine kwa kuhisi.

Fanya hivi:

1. Omba au tengeneza control namba ya deni lenyewe, na usome maelezo yake: inasema ushuru gani, mwaka gani, jina la nani.
2. Angalia tarehe ya mwisho. Control namba inaisha muda. Ile uliyoandikiwa nyuma ya boksi la kiberiti miezi minne iliyopita inawezekana imekufa, omba mpya.
3. Uliza kama inakubali nusu. Kuna bili mfumo unapokea kidogo kidogo na kuna bili inataka kiasi kamili hadi shilingi, ukituma pungufu inakataa. Kama una makubaliano ya awamu waambie wakutengenezee inayoendana na ratiba yako.
4. Lipa kwa simu (M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa na wenzao, sehemu ya malipo ya serikali), au NMB, CRDB, au wakala. Kabla hujaweka neno la siri simu au wakala ataonyesha jina. Jina likiwa siyo lako SIMAMA.
5. Piga picha ya skrini, na kama ni wakala chukua kile kikaratasi, kipige picha siku hiyohiyo maana maandishi yake yanafutika, ukikiweka kwenye dashibodi ya bajaji wiki moja kinakuwa cheupe pe.

Hiyo namba 4 ya orodha hapo juu, kusoma jina, nimejifunza kwa hela yangu. Nilikosea tarakimu moja nikilipa ushuru wangu mwenyewe, kwa bahati mbaya namba ikawa ipo, ya mtu mwingine kabisa, nikabonyeza tu bila kusoma jina. Nimemlipia mtu nisiyemjua elfu thelathini na kurudishiwa ilikuwa safari ya barua juu ya barua.

Na anayekuja kukusanya mkononi, iwe sokoni, mwaloni au dukani, lazima atoe risiti ya POS palepale. "Mashine imeisha chaji nitakuletea jioni" jibu lake ni "basi na hela nitakupa jioni". Sema ukiwa unatabasamu, ila sema.

## Hatua ya 7: Hakikisha limefutika

Kulipa na kufutika ni vitu viwili. Subiri siku moja au mbili, rudi Tausi uangalie ile bili inasomaje, au rudi kitengo cha mapato na risiti uombe waangalie mbele yako. Usikubali "itakuwa imeingia".

Bibi mmoja anayekodisha vyumba huku kwetu alikuja wiki iliyopita, nikamwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, akafungua kanga akatoa risiti tano zimekunjwa ndogo kama tambuu. Nne zilikuwa zimeingia kwenye mfumo, ya tano haikuonekana. Tulirudi nayo ofisini kwa sababu risiti ilikuwepo, wakaifuatilia ikapatikana. Bila kile kikaratasi angelipa mara ya pili.

Kama deni lilikuwa linakuzuia kuhuisha leseni, sasa ndo uombe leseni. Kumbuka utahitaji pia kliarensi ya TRA (cheti cha kutodaiwa kodi) ya mwaka husika, kwahiyo kama TRA nako umechelewa awamu malizana nao kwanza, usije ukakaa mbele ya kompyuta yangu tukafika nusu tukakwama.

Umefaulu kabisa ukiwa na: salio sifuri kwenye bili za zamani, leseni mpya imeprintiwa na imebandikwa ukutani, na risiti zako zote kwenye faili moja.

## Kama duka limeshafungwa

Usivunje kufuli. Najua mzigo uko ndani, najua nyanya zinaoza, lakini ukivunja umejitengenezea kesi nyingine ambayo haina uhusiano na ushuru.

Piga picha mlango na karatasi iliyobandikwa. Nenda ofisini siku hiyohiyo na vitu vyote vya juu, uliza nani kasaini kufungwa na kwa notisi gani. Kama kuna bidhaa zinazoharibika sema na uandike, omba kufunguliwa uzitoe mbele ya mtendaji. Kwa uzoefu wangu njia ya haraka ni kulipa kitu kikubwa cha kwanza, hata theluthi, na barua ya awamu mkononi.

Wakija kukamata mali, omba kuona amri, omba orodha ya kila kitu kinachobebwa iliyosainiwa na pande zote mbili, muite mwenyekiti wa mtaa ashuhudie. Friji moja likiandikwa "vifaa mbalimbali" hutaliona tena.

## Ulifunga biashara zamani lakini deni linakua

Hii inawaumiza wengi kimya kimya. Ulikuwa na duka, likafa, ukaenda zako shamba Kasulu. Hukumwambia mtu. Kwenye mfumo duka liko hai na linadaiwa.

Andika barua ya kufunga biashara, moja halmashauri na moja TRA, ambatanisha barua ya mtendaji wa mtaa inayothibitisha biashara haipo na ilifungwa lini, pamoja na ushahidi wowote kama mkataba wa fremu ulioisha, na rudisha leseni. Halafu ndo upinge miaka ya baada ya kufunga kwa utaratibu wa hatua ya 4. Mwenye fremu naye anaweza kukuandikia, kama mliachana vizuri.

## Kodi ya pango la ardhi

Hapa anayedai ni Wizara ya Ardhi, mwaka wake unaanza Julai 1. Kiasi kinategemea ukubwa wa kiwanja, matumizi na kilipo, kwahiyo usilinganishe na jirani. Control namba unaweza kupata kwa kupiga *152*00# ukafuata menyu mpaka kwenye ardhi, au ofisi ya ardhi.

Ukikaa bila kulipa riba inapanda. Baadae inakuja hati ya madai, ukiipuuza unaweza kufikishwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na mbele kabisa kule kuna kufutiwa miliki. Kwahiyo hili usilichukulie kama la leseni, huku kilichowekwa mezani ni kiwanja chenyewe.

Kuna watu wanasubiri msamaha. Kweli mwaka 2022 serikali ilitoa msamaha wa riba kwa wanaolipa deni la msingi, na muda ukaja kusogezwa mpaka 2023. Lakini kilichosamehewa ni riba, msingi walilipa wote, na wewe hujui kama utatokea mwingine.

Mtego mmoja: umenunua kiwanja Buhanda kwa mtu, hujahamisha jina. Deni linakuja kwa jina la muuzaji, na yeye hasumbuki maana alishakula hela. Lipa kwa namba ya kiwanja, tunza risiti, na uanze uhamisho, maana deni lisipolipwa uhamisho nao haupiti.

## Kodi ya jengo kwenye LUKU

Hii haina mambo mengi. Nyumba ya kawaida 1,500 kwa mwezi, ghorofa la mjini 7,500 kwa kila sakafu, toka Julai 2023. Inakatwa ukinunua umeme. Ukikaa miezi sita bila kununua, siku ukinunua inakata 9,000 kwa mkupuo, ndo ile unaweka elfu kumi unapata uniti mbili unadhani umeibiwa.

Nyumba moja ikiwa na mita tatu isikatwe mara tatu, peleka namba zote za mita ziunganishwe. Mpangaji kama unakatwa wewe, hiyo ni kodi ya mwenye nyumba, mkubaliane atoe kwenye pango. Mzee wa miaka 60 na kuendelea anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe, na mtu mwenye ulemavu, wana msamaha wa nyumba moja, ila haujiwashi wenyewe, lazima aombe na kitambulisho.

## Usirudi tena kwenye foleni

Chukua kalenda ya ukutani, ile ya benki au ya msikitini au ya kanisani, tarehe leseni yako inapoisha izungushie kalamu nyekundu, halafu rudi nyuma mwezi mmoja weka alama nyingine, hiyo ndo siku ya kuja steshenari. Ushuru wa huduma weka alama kila mwisho wa miezi mitatu. Risiti zipige picha ujitumie mwenyewe whatsapp, zile karatasi ziweke kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati, siyo kwenye droo ya duka maana panya wa Mwanga mnawajua.